Mzee Zawose na ilimba yake
Leo kwenye daladala ya Chamwino dereva kaweka muziki wa Hukwe Zawose, mwili wote ukanisisimka! Huyu Mgogo wetu alifariki Desemba 2003. Mwalimu Nyerere ndiye aliyemwita Dar es Salaam, na baadaye Zawose akafundisha wengi pale Chuo cha Sanaa Bagamoyo. Sauti yake ilipanda juu kabisa, kisha ghafla ikashuka mpaka kifuani. Na ile ilimba, ala yake ya kupigwa kwa vidole gumba, jamani: vijino vya chuma, na kwenye tundu utando wa buibui unaoleta ule mvumo. Alirekodiwa Uingereza kwenye studio ya Peter Gabriel, mwanamuziki wa huko. Charles Zawose, aliyepiga na Mzee Zawose, akamfuata kaburini 2004. Inaniuma vijana wengi wa hapa Dodoma hawamjui. Mwenye kanda zake za zamani naomba anistue inbox.