Accuphase na Marantz kwenye kuranti ya Lubumbashi

Kabla sijafungua boksi hata moja la ampli nilichomeka multimita kwenye prizi ya sebuleni. Volti 214. Ilikuwa Jumamosi saa nne asubuhi, nyumba nyingi za mtaa wa Golf zilikuwa kimya, na kuranti, umeme wa mtaa, ilikuwa imetulia. Niliandika namba hiyo kwenye daftari kwa sababu nilijua jioni itakuwa nyingine. Kwetu Lubumbashi ampli ya bei kubwa inaanza kupimwa ukutani, na wanaoandika kuhusu vyombo hivi wakiwa Tokyo au London hawana haja ya kulifikiria jambo hilo.

Mimi ni fundi wa vyombo vya sauti, na ni binti wa bobineri, fundi wa kuzungusha waya wa shaba. Baba alibobina moteri na transfoma za Gécamines, kampuni ya migodi, na kazi nyingine alizileta nyumbani kwetu Kamalondo. Nimekua nikiona waya wa shaba uliopakwa vanishi ukizungushwa kwa mkono, duara juu ya duara, karatasi ikitenganisha tabaka na tabaka. Hadi leo nikiinua ampli, mikono yangu hutafuta kwanza transfoma iko upande gani. Ndiyo maana nilifurahi sana kuitwa kwenye kazi hii.

Mwenye nyumba ni mzee ambaye malori yake yanapita mpakani Kasumbalesa kila wiki. Amejinunulia Marantz Model 10, iliyofika kwa njia ya Johannesburg. Shemeji yake ana Accuphase E-800. Wamebishana kwa simu mpaka wakachoka, ndipo wakaamua kuziweka zote mbili chini ya paa moja na kuniita niziunganishe kwenye bafle (spika) zile zile. Nafasi kama hiyo mtu wa kazi yangu haipati mara nyingi hapa kwetu.

Accuphase ilitoka kwanza kwenye boksi. Ina kilo 36, tuliinua watu wawili. Uso wake ni wa dhahabu iliyofifia, ile rangi ambayo kampuni hii ya Yokohama haijawahi kuiacha, na nyuma ya kioo kuna mita za nguvu. Nilizungusha kitufe cha sauti kabla hata ya kuwasha, ili nisikie mkono wake. Kinazunguka kizito, laini, hakina mchezo hata kidogo kushoto wala kulia. Ndani hakuna potenshiometa ya kawaida ambayo sauti inapita juu yake na kuanza kukwaruza vumbi likiingia. Kitufe kinatoa taarifa tu ya mahali kilipo, halafu saketi nyingi ndogo zinawashwa na kuzimwa kwa mpangilio mpaka ukubwa wa sauti ufike pale unapotaka. Wenyewe wanaiita AAVA. Kwa mji wenye vumbi jekundu kuanzia Mei hadi Oktoba, huo peke yake ni uhandisi wa kuheshimiwa.

Mzee akasoma karatasi, akanigeukia.

"Mwanangu, hapa wameandika wati hamsini. Wati hamsini tu?"

"Ndiyo, papa. Hamsini kwa bafle ya ohmu 8, mia kwa ya ohmu 4."

"Na hii yangu?"

"Mia mbili hamsini kwa 8, mia tano kwa 4."

Alimtazama shemeji yake kama mtu aliyekwisha kushinda. Ikabidi nikae nao tupige hesabu. Bafle zake zina desibeli 87 kwa wati moja, ukiwa mita moja mbele yake. Ukitaka kuongeza desibeli 3 lazima uzidishe nguvu mara mbili: wati 2 ni 90, wati 4 ni 93, wati 8 ni 96, wati 16 ni 99. Chumbani, desibeli 99 zinamkimbiza mgeni. Kutoka wati 50 hadi 250 unaongeza desibeli 7. Tofauti ipo, lakini sikio halisikii mara tano. Na katika kusikiliza kwa kawaida, muziki mwingi unapita kwenye wati ya kwanza. Ampli ikikosea hapo, wati 249 zilizobaki hazikusaidii.

E-800 ni ya daraja A. Maana yake transista zake za mwisho hazizimiki kamwe. Muziki uwepo usiwepo, kuranti inapita ndani yake wakati wote, kama mbabula, jiko la makaa, iliyowashwa tangu asubuhi, iwe na sufuria juu yake au haina. Faida yake ni kwamba mawimbi ya sauti yanapovuka kutoka upande chanya kwenda upande hasi, hakuna transista inayolala na nyingine kuamka, na kovu dogo linalotokea hapo kwenye ampli nyingi halitokei. Hasara yake ni joto. Baada ya nusu saa niliweka kiganja juu ya matundu ya kifuniko. Kiganja kilivumilia, lakini kwa muda mfupi tu.

Model 10 imekuja kwa njia nyingine kabisa. Ilitoka mwaka 2024, inatengenezwa Shirakawa, Japani, na Marekani iliuzwa dola 15,000. Ni ya daraja D: transista zake zinafunguka na kufunga mamia ya maelfu ya mara kwa sekunde, halafu koili na kapasita zinachuja yale mapigo mpaka ubaki muziki. Transista iliyofunguka kabisa au iliyofunga kabisa haipotezi nguvu nyingi, kwa hiyo joto ni dogo. Zamani watu wa sauti waliidharau daraja hii, na walikuwa na sababu: sauti za juu zilikuwa kavu na zilibadilika kufuatana na bafle uliyofunga. Aliyebadilisha mambo zaidi ya wengine ni Mbelgiji Bruno Putzeys. Aliuchukua mrejesho, ile sehemu ya sauti inayorudishwa nyuma ili ampli ijisahihishe, baada ya kichujio, mahali ambapo ampli inaiona bafle yenyewe, ili makosa ya koili nayo yarekebishwe. Kazi yake ya karibuni ni ya kampuni ya Purifi ya Denmark, na teknolojia hiyo ndiyo Marantz walioiweka ndani ya Model 10. Kwa macho, ni chombo kizuri. Lile dirisha la mviringo katikati ya uso ni la ukoo wa Marantz, na taa yake haichomi macho usiku.

Ili ugomvi usianze tena, nilisawazisha sauti kwa mita. Nilipiga toni ya hetzi 1,000 kutoka kwenye CD pleya, nikapima pale waya unapofungwa kwenye bafle mpaka ampli zote zikaonyesha volti 2.83, yaani wati moja kwa ohmu 8. Usipofanya hivyo, iliyo juu kidogo tu itaonekana bora na hutajua kwa nini.

Nilianza na Mwenda Jean Bosco. Hugh Tracey, mkusanyaji wa muziki wa Afrika, alimrekodi mwaka 1952 Jadotville, Likasi ya leo, na rekodi hizo ndizo ninazozijua kwa ndani kuliko zote. Ni mtu mmoja, gita moja, kinasa kimoja. Mwenda alipiga kwa dole gumba na kidole cha shahada, na mzigo wote wa ampli uko hapo: gumba linatembea chini bila kusita, shahada inachekeshana nalo juu. Kwenye Accuphase nilimsikia mtu. Nyuzi za juu zilikuwa na mwili, zile nukta ambazo ukucha unagusa waya kabla ya noti kutoka zilikuwa wazi bila kuchoma, na sauti yake ya kuimba ilisimama mbele ya bafle, si ndani yake. Nilirudia wimbo ule ule. Shemeji alikaa kimya, na ukimya wake ulikuwa wa kiburi kabisa.

Kwenye Model 10 kilichonishika ni nafasi kati ya noti. Noti ilikwisha pale ilipokwisha. Ule mvumo wa rekodi ya zamani ulibaki nyuma, umejitenga, na gumba la Mwenda lilipata uthabiti ambao sikuusikia kwenye Accuphase. Sauti ya mtu ilikuwa sahihi, lakini ilisimama hatua moja mbali zaidi. Wengine watapenda hivyo. Mimi kwa rekodi hii napenda kukaa karibu.

Halafu nikaweka kwaya ya wavulana na walimu wa Kamina, wale waliokwenda kuimba Ulaya mwaka 1958. Hapa mambo yaligeuka. Kwaya inapopanda na ngoma zikaingia pamoja, Model 10 ilizitenga safu za sauti kiasi kwamba niliweza kufuata sauti ya tatu toka mwanzo hadi mwisho, na ngoma haikumeza mtu. Accuphase ilinipa uzuri wa pamoja, wenye joto, lakini nilipoongeza sauti safu za nyuma zilikaribiana. Kwa rumba ya OK Jazz tulikubaliana wote watatu bila hata kujadiliana: besi ya Model 10 inatembea na miguu ya wachezaji. Mzee alisimama, akacheza kidogo.

Kama ningeondoka saa tisa, hapo ndipo maandishi haya yangekwishia: moja ya moyo, nyingine ya mpangilio. Lakini nilitaka kuona jioni.

Saa moja kasoro multimita ilisoma 176. Mtaa mzima umerudi nyumbani, majiko ya umeme yamewashwa, waya ni ule ule. Ampli yenye saplai ya kawaida, yaani sehemu inayoilisha umeme, inategemea transfoma, na transfoma inatoa sehemu ya kile inachopewa: volti zikishuka kwa asilimia 20, kama kutoka 220 hadi 176, nguvu ya juu kabisa inabaki asilimia 64. Saplai ya kuswichi, kama ile inayolisha hatua za nguvu za Model 10, inajirekebisha yenyewe ndani ya mipaka yake. Stabilizateri ya mzee, chombo cha kusawazisha volti, ile ya rilei, ilianza kubofya ta-ta-ta kona ya chumba, na kila ikibofya taa zilipepesa. Kwa sauti ndogo sikusikia tofauti kwenye Accuphase. Tulipopandisha rumba nilisikia besi ikilegea, ngoma ikipoteza ngozi. Model 10 iliendelea ilivyokuwa mchana.

Muda mfupi baadaye ikawa delestaji, umeme wa mgao ukakatwa. Onduleri ya nyumba, ile inayotoa umeme wa betri, ilichukua kazi, na ni ya aina ambayo mawimbi yake yamekatwa ngazi-ngazi badala ya kupinda vizuri. Transfoma yoyote kubwa ukiilisha mawimbi ya namna hiyo inalalamika. Chuma chake kinavuma na joto linaongezeka. Niliizima E-800 palepale bila kumwomba mtu ruhusa. Chombo kama kile hakistahili chakula kile.

Kwa hiyo maoni yangu ya kwanza, baada ya siku moja, ni haya. Kwa mtu wa Lubumbashi anayeanza leo na ana pesa za ampli moja, ningemwelekeza kwenye daraja D ya kizazi hiki, na nasema hivyo nikiwa binti wa mtu aliyeishi kwa transfoma. Inakula kidogo, haipashi chumba moto mwezi wa Oktoba wakati tayari tunatoka jasho tukiwa tumekaa, na haiyumbi sana kila mtaa unapowasha majiko. Joto linaua kapasita. Kanuni ya mafundi ni kwamba nyuzi 10 zikiongezeka, umri wao unakatika nusu. Upande wa pili wa mizani nauweka pia: daraja A ya transista zinazoonekana naweza kuifungua na kuitengeneza kwa mikono yangu, na moduli ya daraja D ikiungua unaagiza nyingine kutoka mbali na kusubiri.

Na anayeipenda daraja A, kama shemeji, asiiache. Aitengenezee njia yake. Avute waya wake peke yake kutoka kwenye kabati la umeme, kipenyo kinene. Aweke parafudri, kinga ya radi, kabla radi za Novemba hazijaanza. Anunue onduleri ya ubadilishaji mara mbili, ile inayotengeneza mawimbi mapya wakati wote, iwe kubwa kuliko mahitaji ya ampli. Na achimbe earth ya kweli, waya unaoshika ardhini. Mwisho wa kiangazi udongo wetu mwekundu umekauka mpaka chini na haupitishi kitu. Nyumba nyingi nilizopima zina nondo moja iliyopigwa kijuujuu nyuma ya jiko, na watu wanashangaa bafle zinavuma. Hapa Golf nilikuta hivyo hivyo.

Shemeji amekubali. Wiki ijayo tunachimba kwake, nondo tatu na waya wa shaba mtupu kuziunganisha, na E-800 haitawashwa mpaka onduleri mpya ifike. Atakuwa akiisikilizia chumba kidogo, kwa sauti ya chini, usiku, na kwa matumizi hayo amechagua vizuri kuliko mzee.

Mzee yeye ana santuri za marehemu baba yake, sanduku zima, na Model 10 ina fono ndani yake, saketi ya kukuza sauti ndogo ya santuri, kwa aina zote mbili za sindano, MM na MC. Kwa E-800 kadi ya fono unainunua pembeni. Nimeshachukua santuri chache nikazioshe, nyingine zina ukungu kwenye mifereji, nyingine bado zinang'aa. Zikikauka narudi kwa mzee na mizani ya kupimia uzito wa sindano.