Mradi wa gesi ya maji: vipimo vya chupa ya kwanza

Chupa yangu ya kutenganisha maji kwa umeme, yawe haidrojeni na oksijeni, imekamilika na inatoa gesi. Ndani kuna vipande viwili vya stenlesi, maji na magadi soda kidogo. Chumvi sikutia, maana huzalisha klorini, na hiyo ni sumu. Kazi yote naifanyia uani, kwa kuwa haidrojeni ikichanganyika na oksijeni hulipuka kwa cheche moja tu.

Nafanya haya kwa sababu vifaa vya "kuendesha gari kwa maji" wanauziwa madereva ambao hela yao ni ya jasho. Nataka wapate namba kabla ya kutoa pesa.

Kwa betri ya volti 12 na mkondo wa ampea 5, chupa ya nusu lita ilijaa gesi kwa dakika 9 hivi. Betri ilitoa jouli (kipimo cha nishati) 32,000 na ushee. Haidrojeni iliyopatikana, hata ukiichoma yote, hairudishi jouli 4,000. Nyingine zimeishia kwenye joto. Chupa ilikuwa ya moto kweli. Lita moja ya petroli ina jouli milioni 32 hivi. Kuifikia ningehitaji zaidi ya chupa 8,000 za gesi hii.

Fundi jirani akanipinga kwa altaneta, ile jenereta ya gari inayozungushwa na injini: "Lakini altaneta si inazunguka tu, kaka? Umeme wake ni wa bure." Hoja hiyo ndiyo inayouza vifaa hivi. Nikampindulia baiskeli yenye dainamo, azungushe pedali kwa mkono, kwanza waya wa taa ukiwa umechomolewa, kisha umechomekwa. Uzito akausikia mwenyewe. Altaneta nayo ukiidai ampea zaidi inakuwa nzito, na injini inaongeza petroli ili kuizungusha.

Stanley Meyer wa Ohio, Marekani, alidai gari lake linatembea kwa maji. Mwaka 1996 mahakama ilikuta kifaa chake kinatenganisha maji kwa umeme kwa njia ya kawaida tu, ikasema ni ulaghai, ikamwamuru awarudishie wawekezaji wawili dola 25,000.

Sasa naunganisha seli sita (kila seli ni jozi ya vipande vya stenlesi ndani ya maji) kwa mfululizo, kila moja ipate volti 2. Natarajia gesi mara sita kwa umeme uleule, kama jouli 23,000 kwa zile 32,000. Itakuwa hatua kubwa, ila bado pungufu. Maji ni haidrojeni iliyokwisha kuungua. Kuyatenganisha hakugharimu kamwe chini ya kile ambacho kuungua kule kulitoa. Stenlesi nimeshakata, bado mipira ya kuzibia.