Mzee alisema ni boriti, mimi nikaandika 24

Mwaka 2016 nilienda atachmenti Gazi, kule Kwale kusini ya Mombasa, kwenye kituo cha KMFRI, ile taasisi ya utafiti wa bahari na uvuvi. Mimi mtoto wa Nakuru, maji mengi niliyokua nimezoea ni ya ziwa na hayo ukiyaacha asubuhi jioni unayakuta palepale.

Wiki ya kwanza ilikua darasa tu. Tukafundishwa kutofautisha mkoko na mchu na mkandaa, aina za miti inayoota ndani ya maji ya bahari, tukafundishwa saa za maji, kwamba siku za bamvua bahari inatoka mpaka saa nne asubuhi hivi, halafu kufika saa kumi jioni yamerudi yote, zaidi ya mita 3, pale uliposimama na daftari lako samaki wanapita. Hayo niliyashika kwa sababu ya uoga. Mengine yalinipita, maana kila asubuhi kulikua na mahamri na mbaazi za nazi na mtu ukishakula hizo halafu ukae mbele ya projekta, wewe mwenyewe sema utafanyaje.

Kuingia msituni tukapewa mzee mmoja wa pale kijijini wa kutuongoza. Kabla hajawa mtu wa kupanda mikoko alikua mtu wa kuikata, ujana wake wote aliuza miti ya kujengea, kwa hivyo yeye mti akiuona haoni jina la kisayansi, anaona fito, pau, boriti, nguzo, kutoka mwembamba mpaka mnene. Sisi tulikua na gambuti mpya na klipbodi, yeye miguu mitupu na kofia yake. Dakika kumi tu gambuti yangu ya kushoto ikabaki ndani ya tope, mguu ukatoka na soksi. Mzee akaichomoa, akamwaga maji, akanipa bila neno.

Kazi yenyewe ilikua kupima unene wa kila mti ndani ya ploti ya mita 10 kwa 10. Karatasi yangu ilisema pima mita 1.3 kutoka chini, basi mimi nikawa napima mita 1.3 kila mti kama roboti, na mkoko unajua ulivyo, ile mizizi yake imeinama pande zote kama miguu ya kaa, mingine inafika kifuani, mimi nazungusha tepu juu ya shina na mizizi yote pamoja. Nikasoma 24.

Mzee akageuka. "Ngapi?"

"Sentimita 24, mzee."

"Huu? Huu boriti mwanangu. Boriti haifiki huko."

Nikamuonyesha karatasi. Nilimuonyesha kabisa, na kidole, hapa imeandikwa mita 1.3, kama vile shida ilikua hajui kusoma. Akaniangalia, akaangalia maji, akasema haya, andika. Siku nzima iliyobaki hakusema tena kitu, anashika kamba tu na kufukuza mbu. Miti sitini na kitu niliandika hivyo, na mwandiko mzuri.

Jioni madam aliyekua anatusimamia akafungua fomu yangu, akanyamaza, halafu akauliza kwa upole kabisa, "Hii ni mikoko au mibuyu?" Wenzangu wakacheka hadi wengine wakatoka nje. Kumbe mkoko unapimwa sentimita 30 juu ya mzizi wa juu kabisa, na lilisemwa, siku ya mbaazi. Na sio makosa madogo, kwa sababu ule unene ndio unatumika kukadiria uzito wa mti na kaboni iliyomo, ukikosea unene mara mbili uzito unaruka zaidi ya mara nne. Na pale Gazi kaboni sio hadithi, Mikoko Pamoja, mradi wa wanakijiji, ilianza 2013, wanauza kaboni ya msitu wao, yaani wanalipwa kwa kuutunza usikatwe, na hela inaingia kwa maji na vitabu vya shule. Ploti yetu ilikua ya mafunzo tu, alhamdulillah, lakini bado usiku sikulala vizuri, na sio kwa sababu ya hesabu. Ilikua kile kidole changu kwenye ile karatasi.

Asubuhi tukarudi palepale, mimi na yeye peke yetu. Nikaanza, "Mzee, jana..." Akaninyang'anya tepu. "Leo wewe shika daftari."

Akapanda juu ya mizizi kama mtu anapanda ngazi ya nyumbani kwake, akaukumbatia ule mti, tepu ikazunguka juu ya mizizi yote. "Soma."

12.1.

Nikafuta 24 kwa raba, karatasi ikatoboka. Yeye ashafika mti wa pili, hajazungusha tepu, ananingoja.

"Na huu?"

Nikauangalia vizuri, nikauzunguka, nikajifanya nafikiria. "Boriti."

Alicheka mpaka kofia ikaanguka topeni. Ilikua pau.