Tumbo la Jumatatu

Ukikaa ughaibuni miaka mingi, unarudi umejiandaa kupokea habari za misiba na ndoa. Mimi hizo nilikuwa nazo zote. Siku hizi simu haiachi kitu. Habari ambayo haikuwahi kupita kwenye simu ni ya uongo wa mdogo wangu, maana kila aliyeijua pale nyumbani alidhani anaijua peke yake. Mimi nikiwemo.

Alikuwa na miaka 11. Shuleni kulikuwa na kipindi cha kusoma kwa sauti, kila mtu kwa zamu mbele ya darasa, na mdogo wangu ana kigugumizi. Herufi za midomo, p na b, zilimkaba zaidi. Wenzake walikuwa wanahesabu kwa sauti, moja, mbili, tatu, mpaka neno litoke. Hayo nyumbani hakuyasema. Alichosema ni kwamba tumbo linamuuma.

Watoto wengi husema hivyo asubuhi za shule, na wengi wao hawadanganyi. Tumbo lina mtandao wake wa neva, seli zaidi ya milioni 100, na hofu hulifikia kabla mtoto hajajua anaogopa nini. Maumivu ya tumbo yanayojirudia bila ugonjwa kuonekana huwapata zaidi ya mtoto mmoja kati ya kumi, na yanauma kweli. Mara nyingi utayajua kwa ratiba yake: makali alfajiri, yamepoa saa nne, Jumamosi hayapo kabisa.

Ya mdogo wangu hayakuwa hayo. Mwenyewe anakiri hakuumwa hata kidogo. Ila alikuwa na maelezo kamili, aliyoyapata kwa mwanafunzi mwenzake aliyepasuliwa kidole tumbo akakaa nyumbani wiki kadhaa. Akasema maumivu yameanza kitovuni, sasa yameshuka kulia. Akagoma kula. Hospitalini daktari alipombonyeza chini kulia, theluthi ya njia kutoka mfupa wa nyonga kwenda kitovuni, akaruka na kulia. Sehemu hiyo inabeba jina la Charles McBurney, daktari wa upasuaji wa Marekani aliyeieleza mwaka 1889. Mdogo wangu alikuwa ameelekezwa na rafiki yake wakiwa kwenye foleni ya kuingia darasani.

Simlaumu daktari. Kidole tumbo kilichovimba kikiachwa hupasuka, usaha ukamwagika tumboni, na mtoto anaweza kufa. Kabla ya ultrasaundi na skani kuenea, ilikubalika kabisa kwamba kati ya wagonjwa 100 wanaopasuliwa, 15 hadi 20 wangekutwa kizima. Heri kukosea upande huo.

Miaka kadhaa baadaye, tukiwa wawili tu, mdogo wangu alinieleza kilichotokea kabla ya nusu kaputi. Kitanda kilipoanza kusukumwa, uongo ulimwishia. Baba alikuwa anatembea pembeni amemshika mkono, naye akataka kumwambia, "Baba, nimedanganya." Ile b ya kwanza ikamkaba. Alihangaika nayo mpaka mlangoni. Baba akadhani ni uoga, akambembeleza, akabaki nje.

Alizipata wiki zake za kukaa nyumbani. Kisha akarudi darasani na kukuta zamu ya kusoma inamsubiri palepale. Baba alikuwa amechukua mkopo kazini kwa ajili ya upasuaji, na ulikatwa kwenye mshahara kwa muda mrefu. Mimi nilipewa kazi ya kumbebea mkoba kwa sababu "ana mshono", na mshono huo, kwa hesabu ya mama, haukupona mpaka alipomaliza shule ya msingi.

Ambalo hakuna aliyelijua ni kwamba tumbo likishafunguliwa, ndani huweza kubaki nyuzi za kovu zinazoshikanisha utumbo. Wengi huishi nazo bila shida yoyote. Kwa wachache, hata baada ya miaka mingi, utumbo hunaswa hapo na kuziba. Nikiwa mbali, mdogo wangu sasa ni baba wa watoto, tumbo likamshika kweli. Shemeji anasimulia kuwa alitapika usiku kucha na bado akakataa kwenda hospitali. Yeye alidhani ni ubishi wa kiume. Mumewe alikuwa anaona aibu kutamka, "Tumbo linaniuma." Walimpasua tena, juu ya kovu lile lile, na safari hii kulikuwa na sababu.

Niliporudi nilimkuta ameamua kumwambia mama. Mwanawe wa darasa la nne alikuwa ameanza ugonjwa wa Jumatatu, na bibi yake alishaagiza apelekwe akapimwe kidole tumbo, "maana ni cha ukoo." Mdogo wangu akaona yametosha. Tukakaa, akasema yote, polepole, b zake akizipitia moja moja.

Mama akamsikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Nilijua siku ile ile. Daktari alitoka akaniambia wamekikuta kizima."

"Na hukusema?"

"Baba yenu alikuwa ameshakopa. Ningemwambia nini?"

Baba hayupo tena wa kuulizwa, ingawa sasa naye ninamshuku.

Wengine nyumbani walicheka. Mimi nilikasirika, na hasira yangu ilikuwa kwa mama zaidi kuliko kwa mtoto yule. Alijua mwanawe amekubali kuchanwa kwa kisu ili asiende shule, akaona huruma ni kumfichia. Kumuuliza huko shuleni kuna nini hakukumjia akilini. Nilimwambia hivyo, kwa adabu, naye akanijibu kwamba watoto wa zamani hawakuwa wanaulizwa. Kweli hawakuwa. Kwangu hilo bado si jibu.

Mdogo wangu anamuuliza wake. Kwanza anampeleka kwa daktari, kwa sababu kusema "huyu anatega tu" pia kumewahi kuua. Daktari alimwambia mtoto aruke kwa mguu mmoja. Akaruka chumba kizima. Njiani kurudi baba yake akamuuliza Jumatatu wana kipindi gani cha kwanza, na anakaa na nani. Ikatoka habari ya kijana wa dawati la nyuma anayemnyang'anya daftari na kunakili hesabu zake. Mwalimu ameshaambiwa, mtoto amehamishiwa dawati la mbele, na Jumatatu iliyofuata alikwenda, ingawa alinuna.

Jioni moja baba yake akamfunulia kovu na kumsimulia kisa chote, akitumaini kitamwogopesha. Mtoto akalipima kwa vidole, akafikiri.

"Kwa hiyo baba, ulikaa nyumbani wiki ngapi?"