Mnaosifia mahindi ya Iowa, chini yake kuna mabomba

Wabongo mkipita Iowa, jimbo la Marekani, mnaposti picha za mahindi na kuandika "Mungu kawapendelea hawa", sasa ngoja niwaambie maana mimi nakula kwa kazi hii hii ya kulaza mabomba ya kukausha maji chini ya mashamba. Kuanzia Des Moines, mji mkuu wa Iowa, kupanda mpaka jimbo la Minnesota kaskazini palikuwa kinamasi, barafu ya zamani iliyeyuka ikaacha madimbwi kila kona na maji hayana pa kutokea.

Wapimaji walitangulia kabla ya wakulima. Wadakota, wenyeji asilia wa huku, walishasainishwa mkataba wa kuachia ardhi mwaka 1851 wakaondoshwa, wapimaji wakaburuta mnyororo wa kupimia wa futi 66, ukiupima mara 80 ndo maili moja, wakakata eneo lote miraba ya ekari 640. Ndo maana barabara za huku zimenyooka hadi usingizi unakubeba kwenye usukani.

Ila mstari wa mpimaji haujui maji yanaelekea wapi. Dimbwi moja limeangukia kwa watu watatu, ukitaka kukausha kwako lazima maji yapite kwa jirani na jirani hataki kusikia, basi ikabidi waunde wilaya za mifereji ambazo wote mnachangishwa utake usitake, na mwaka 1908 wakabadili mpaka katiba ya jimbo ili hiyo michango isimame kisheria.

Majuzi tulifukua bomba la enzi hizo, la udongo wa kuchoma, vipande vya futi moja moja vimepangwa tu bila gundi, maji yanapenyea kwenye viungo. Limelala futi nne chini, mtu kachimba kwa koleo huyo, na bado linatiririsha! Sisi siku hizi plastiki yenye vitundu, mashine inalaza yenyewe kwa GPS. Vinamasi vya Iowa zaidi ya asilimia 90 vimeisha hivyo, ingawa mvua ya mwezi wa tano ikikomaa madimbwi yanarudi pale pale yalipokuwa.

Shida ni kwamba maji hayo ya mabomba yanabeba naitreti, kemikali inayotoka kwenye mbolea, yanaenda mto Raccoon, na Des Moines wanakunywa huko huko. Wana mtambo wa kuichuja tangu miaka ya 90, na bado Juni 2025 watu walipigwa stop kumwagilia nyasi ili mitambo isizidiwe. Bosi wangu ukimgusia hilo, anahamia bei ya soya fasta.