Nyumba niliyokuwa nainunua ilikuwa na zuio la mke wa muuzaji: nilivyotatua

Nilikuwa nimeshakubaliana bei ya nyumba Tabata, Dar es Salaam, na dalali ananihimiza nilipe ile wiki ileile. Hati ilikuwa na jina la mume peke yake, nami nikaona mambo ni safi. Bahati nzuri wakili wangu aligoma kuandika mkataba kabla ya upekuzi, yaani kukagua kumbukumbu za nyumba, kwa Msajili wa Hati. Majibu: kuna zuio, yaani pingamizi lililosajiliwa ili nyumba isiuzwe, limewekwa na mke wa muuzaji.

Sheria ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 59, inamkataza mwanandoa kuuza nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake, hata kama jina lake halimo kwenye hati. Dalali akasema "hayo ni ya kwao." Hapana, yangekuwa yangu.

Nikaomba tuonane na mama mwenyewe. Nilimkuta na dada yake, nikamwamkia, nikamwambia sitatoa hata shilingi kama yeye hajaridhia. Akanyamaza kitambo. Kumbe hakupinga kuuza. Alihofia fedha zote ziende kwa mumewe, naye abaki na watoto bila pa kukaa. Hofu ya haki kabisa.

Wakili akaandika mkataba wenye malipo ya benki kwenye akaunti mbili, ya mume na ya mke. Mama akasaini ridhaa mbele ya wakili wake mwenyewe, kisha akaliondoa zuio kwa Msajili. Nikafanya upekuzi wa pili, ukatoka safi. Hapo ndipo nikalipa.