Vali ya Kupunguza Shinikizo Si Vali ya Usalama

Kila ninapokagua mfumo wa mvuke, jambo la kwanza ninalolitafuta ni vali ya usalama, ile inayofunguka na kutoa mvuke nje shinikizo likizidi, iliyowekwa baada ya vali ya kupunguza shinikizo, na mara nyingi mashaka yangu huanza nikishaiona.

Boila huzalisha mvuke wa baa 10 (baa ni kipimo cha shinikizo), kwa mfano, kwa kuwa mvuke wa shinikizo hilo huchukua nafasi ndogo na hupita katika mabomba membamba, ilhali mashine inayoutumia huenda ikahitaji baa 3 tu. Kilo moja ya mvuke katika baa 10 hujaza takriban mita za ujazo 0.18, ikishushwa hadi baa 3 hujaza 0.46, ndiyo maana bomba la baada ya vali hulazimika kuwa pana kuliko la kabla yake.

Kinachoshikilia hizo baa 3 ni springi, kiwambo chembamba na kiti cha vali, yaani sehemu ambayo vali huikalia inapojifunga. Uchafu ukikwama kwenye kiti, au kiwambo kikipasuka, baadhi ya vali hizi za kupunguza hubaki wazi kabisa, na mvuke wa baa 10 huingia katika tangi ambalo pengine liliundwa kuhimili baa 4. Kwa sababu hiyo ukubwa wa vali ya usalama huchaguliwa kwa mvuke wote unaoweza kupita vali ya kupunguza ikiwa wazi kabisa, wala si kwa matumizi ya kila siku ya mashine. Katika kiwanda kimoja nilikuta vali ya kupunguza imebadilishwa kwa kubwa zaidi baada ya mashine kuongezwa, huku ile ya usalama ikiachwa ya zamani. Nilipopiga hesabu, haikuweza kutoa hata nusu ya mvuke huo. Bomba la mchepuko, linalopitisha mvuke kando ya vali ya kupunguza na ambalo fundi hulifungua kwa mkono wakati wa matengenezo, nalo husahauliwa katika hesabu hizo, ingawa mvuke wake hauna kiwambo chochote cha kuuzuia.

Vali ya usalama haipaswi kufunguka juu ya shinikizo linaloruhusiwa kwa tangi, lakini shinikizo lake la kufungukia likiwekwa karibu mno na shinikizo la kazi, itavujisha mvuke kidogo kidogo hadi kiti chake kilike. Kati yake na tangi pasiwe na vali yoyote ya kufunga. Hilo sioni haja ya kulijadili.

Bomba la kutolea mvuke wa vali ya usalama liwe na mhimili wake na tundu la kutiririshia maji chini, maana maji yakijikusanya juu ya vali huizuia kufunguka inavyostahili na hurushwa kwa nguvu itakapofunguka. Niliwahi kukuta tundu hilo limezibwa kwa kipande cha mti kwa sababu lilikuwa likidondosha maji sakafuni. Nilipokichomoa, maji yaliendelea kutoka muda mrefu, kwani vali yenyewe ilikuwa ikivuja, na tundu lile ndilo pekee lililokuwa likionyesha.